Kichwa kwanza, chemba baadaye: kuielewa risasi ya waildikati kwa mwindaji wa Uganda

Swali huja kwa sura nyingi, kiini chake ni kilekile. Nina bunduki ya .458 Winchester Magnum, nimpe fundi aipanue chemba iwe .458 Lott? Nina .30-06 ya marehemu mzee, niigeuze iwe ile iliyobuniwa na fundi Ackley? Mwulizaji ameshapitia majedwali ya kasi, ameshaona tofauti ya tarakimu, na mkono unamwasha. Mimi humrudishia swali: unakwenda kumpiga mnyama gani, na kwa kichwa cha aina gani? Hapo mazungumzo hupoa. Mtu amekesha akisoma habari za chemba, lakini kile kipande cha madini kinachotoka mtutuni na kumfikia mnyama hajakitafakari hata kidogo.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa. Chagua kichwa kwanza, kisha risasi inayokibeba, na suala la chemba liwe la mwisho. Kwa anayewinda Uganda, mabadiliko mengi ya chemba hayarudishi gharama zake. Yapo machache yanayorudisha, nayo yana sababu zake.

Ili tusipotezane njiani: nikisema risasi nakusudia kitu kizima, yaani ganda la shaba ya manjano, fataki iliyo kitakoni, baruti iliyo ndani, na kichwa kilichokaa mbele. Tarakimu kama .458 au .375 ni kipenyo cha kichwa kwa inchi. Chemba ni sehemu ya nyuma ya mtutu inayolipokea ganda. Umbo lake hufuata umbo la ganda kwa usahihi wa sehemu za mia za milimita. Mbele ya chemba kuna koo, na baada ya koo inaanza mifereji ya msokoto inayokizungusha kichwa ili kisiyumbe hewani.

Waildikati ni risasi ambayo hakuna kiwanda kinachoiuza. Fundi au mwindaji huchukua ganda la kawaida, akalibana shingo au kuipanua, akalisogeza mbele bega, yaani pale ganda linapoanza kupungua kuelekea shingoni, au akazinyoosha mbavu zake ili lichukue baruti zaidi. Kisha huichonga chemba ifuate umbo hilo jipya. Si jambo la kihuni. Risasi nyingi zinazoheshimika leo zilianza hivyohivyo. Ile ya .25-06 ilizaliwa karakanani Marekani mnamo 1920 na haikuingia kiwandani hadi 1969, Remington walipoikubali. Ile ya .22-250 nayo ilisubiri hadi 1965. P. O. Ackley, fundi wa Marekani aliyeishi kati ya 1903 na 1989, alipata jina kwa kuzichukua risasi za kawaida na kuzipa bega kali la nyuzi 40 na mbavu zilizonyooka. Mojawapo, .280 Ackley Improved, ilikuja kukubaliwa rasmi na chama cha viwanda vya silaha vya Marekani mwaka 2007, Nosler walipoipeleka.

Hesabu isiyowapendeza wengi

Kuna kanuni ya makadirio ambayo mafundi wameitumia miaka mingi: ukiiacha presha ilivyo na uzito wa kichwa ulivyo, kasi hupanda kwa takriban robo ya asilimia uliyoongeza kwenye nafasi ya baruti. Ukilipanua ganda kwa asilimia 8, kasi inapanda kama asilimia 2. Chukua .30-06 inayorusha kichwa cha greni 180, yaani gramu 11.7, kwa mita 823 kwa sekunde. Asilimia 2 ni mita 16 hivi. Ukimpiga kobu dume, yule swala wa mbugani, kwenye nyasi za bonde la mto Kafu, mita mia na hamsini mbele yako, mita 16 hizo hataziona yeye wala hutaziona wewe. Boksi moja na jingine la risasi za kiwanda kilekile zinaweza kupishana kwa kiasi kisichopungua sana hapo.

Basi kwa nini watu hudai faida kubwa kuliko hiyo? Mara nyingi kwa sababu wamepandisha presha pamoja na nafasi, wakalisifu bega kwa kazi iliyofanywa na presha. Waildikati nyingi hazikupimwa kwa mitambo ya presha. Mwenye nayo husoma dalili tu: fataki iliyobapa, bolti (kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma) inayokataa kuinuka, kitako cha ganda kilichong'aa mahali pasipostahili. Dalili hizo hujitokeza mtu akiwa ameshaupita mpaka.

Na huku kwetu joto halisamehe. Presha ya .30-06, kwa kipimo cha Ulaya, haitakiwi kuzidi bari 4,050, wakati tairi la gari dogo linatosheka na bari mbili na ushee. Baruti nyingi huungua kwa kasi zaidi zikiwa na joto. Mzigo uliojaribiwa asubuhi ya baridi ya Ulaya ukawa salama unaweza kuupita mpaka baada ya boksi kukaa kwenye dashibodi ya Land Cruiser njia nzima ya Moroto. Waingereza waliliona hilo zamani, enzi za baruti ya kodaiti iliyokuwa mbaya sana kwa joto. Ndiyo maana risasi zao kubwa za kitropiki zina maganda marefu kama vidole, na presha ya chini. Ile ya .470 Nitro Express kikomo chake ni bari 2,700 tu. Ganda linatoka kwa urahisi hata jua likiwa utosini, na mbele ya nyati aliyejeruhiwa, ganda kutoka kwa urahisi ni uhai. Anayelijaza ganda jipya hadi pomoni ili apate mita 30 zaidi anaitupa hekima hiyo.

Lott, mfano unaostahili kutazamwa vizuri

Ile .458 Winchester Magnum ilitoka 1956. Lengo lilikuwa kumpa mwindaji nguvu za zile bunduki za mitutu miwili za bei mbaya, ndani ya bunduki ya bolti ambayo mtu wa kawaida aliweza kuinunua. Kwenye karatasi ilirusha kichwa cha greni 500, gramu 32.4, kwa futi 2,130 kwa sekunde, karibu mita 650. Kwenye mitutu halisi kasi mara nyingi ilishuka hadi karibu na mita 600. Tatizo lilikuwa ganda lenyewe: urefu wake ni milimita 63.5, ikabidi baruti ishindiliwe. Baruti iliyoshindiliwa na kukaa muda kwenye joto iligandamana, na baadhi ya risasi ziliungua vibaya au kutoka kwa udhaifu. Wawindaji wa Afrika Mashariki na Kusini walilalamika, na hawakuwa wakizusha.

Jack Lott, Mmarekani, alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959 akiwa na bunduki ya aina hiyo. Mwaka 1971 akaja na jibu lake: ganda la .375 H&H kwa urefu wake karibu wote, milimita 71.1, likashikishwa kichwa kilekile cha .458. Baruti ikapata nafasi ya kupumua, na kasi ikafika mita 700 kwa sekunde bila kushindilia kupita kiasi. Kwa nishati, kichwa hicho kutoka mita 620 hadi 700 ni kutoka takriban jouli 6,200 hadi 7,900. Hiyo si tofauti ya kwenye jedwali peke yake, bega lako pia litaikubali. Kwa miaka kadhaa ilikuwa waildikati. Hornady walipoanza kuitengeneza mwaka 2002 ikawa risasi ya dukani.

Kinachoifanya Lott iwe kesi ya peke yake ni hiki: chemba ya Lott ni ile ya Winchester iliyorefushwa mbele. Mtutu ni uleule, kichwa ni kilekile, ukingo wa kitako ni uleule, na ule mshipi mnene wa ganda ulio juu ya kitako, ambao ndio unaolizuia ganda lisiingie mno, haukuguswa. Kwa hiyo bunduki iliyobadilishwa bado inafyatua risasi za .458 Winchester kwa usalama. Mzigo wako ukipotelea uwanja wa ndege, ukaazima boksi la Winchester kambini, safari inaendelea. Kinachotakiwa ni kuangalia magazini: Lott nzima hufika milimita 91 hivi, Winchester 85. Bunduki iliyojengwa kwa urefu wa .375 H&H haina shida. Iliyojengwa kwa urefu wa .30-06 itabidi ichongwe magazini na njia ya kupandia risasi, na hapo gharama inaanza kufanana na bei ya bunduki nyingine.

Kinachotokea karakanani

Hii si kazi ya kufanyia nyumbani, wala sielezi ili mtu aifanye. Naeleza ili ujue unalipia nini na umuulize fundi nini.

Fundi anaufungua mtutu kutoka kwenye mwili wa bunduki, anaufunga kwenye mashine ya kukereza na kuuweka sawa hadi tundu lake lizunguke bila kuyumba. Halafu anaingiza chombo cha kukatia chenye umbo la risasi mpya, mbele yake kikiwa na kiongozi kinachotembea ndani ya tundu. Anakata kidogo, anatoa, anasafisha vumbi la chuma, anatia mafuta, anakata tena. Kumbuka kwamba kukata ni kupunguza. Chuma kilichotoka hakirudi. Chemba mpya lazima iwe kubwa kuliko ya zamani kila mahali. Pasipokuwa hivyo, mtutu unakatwa nyuma kidogo na kufungwa upya ndani zaidi ili chemba ianze kwenye chuma kibichi. Kingine: tundu halibadiliki. Bunduki ya .30 haiwi ya .375 kwa kuchonga chemba.

Sasa kuna kipimo kimoja kinachotenganisha fundi na mharibifu. Ni nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na mahali ganda linapozuiliwa kwenda mbele. Mafundi wanaiita hedispesi. Ikipungua, bolti haifungi. Ikizidi, ganda halina cha kuliegemea. Fataki ikilipuka, sehemu ya mbele ya ganda inang'ang'ania kuta za chemba kwa presha, na kitako kinarudi nyuma hadi kigonge bolti. Katikati pananyooka. Hupimwa kwa vipande viwili vya chuma: kimoja bolti lazima ikifunge, kingine bolti lazima ikikatae. Mwambie fundi akuonyeshe vyote viwili vikiingia, bolti ikiwa mkononi mwako mwenyewe.

Kwenye risasi yenye mshipi, kama .375 H&H, kusogeza bega mbele hakuharibu kipimo hicho, kwa sababu risasi inashikwa na mshipi. Kwenye .30-06 hali ni tofauti, maana inashikwa na bega. Ndiyo sababu chemba sahihi ya Ackley huwa fupi kwa takriban milimita 0.1 kuliko ya asili: risasi ya kiwanda inabanwa kwa uthabiti pale shingo inapokutana na bega, inafyatuliwa, na ganda linavimba na kutoka na umbo jipya. Ili kuupata ufupi huo, mtutu sharti urudishwe nyuma. Fundi anayekuambia ataingiza chombo na kukata tu, bila kuufungua mtutu wala kuurudisha, anakutengenezea chemba iliyolegea.

Dalili yake unaweza kuikagua wewe mwenyewe. Chukua waya mwembamba, unoe ncha yake, uikunje kama ndoana ndogo. Iingize ndani ya ganda lililofyatuliwa hadi ifike kitakoni, kisha uivute ncha taratibu juu ya ukuta wa ndani. Kwenye ganda lisilo na dosari ncha inateleza. Ganda lililonyooka lina kijibonde sentimita moja hivi juu ya kitako, na ncha ya waya itakwama pale kwa mguso usiokosewa. Wakati mwingine nje huonekana mstari mng'aavu unaolizunguka ganda mahali hapohapo. Ganda hilo likijazwa tena litakatika, nusu itabaki ndani ya chemba, na gesi itatafuta pa kutokea karibu na uso wako. Ukiona kijibonde kwenye ganda lililofyatuliwa mara moja tu, bunduki iende kwa fundi, na afadhali awe mwingine.

Nchini Uingereza bunduki iliyochongwa chemba upya lazima ipite tena kwenye nyumba za ukaguzi za London au Birmingham, ifyatuliwe mzigo wa presha ya makusudi na kupigwa muhuri. Ni desturi nzuri. Ukinunua bunduki iliyobadilishwa, ulizia muhuri wa aina hiyo kabla ya kuulizia bei.

Tatizo la karatasi

Mabadiliko ya chemba yanabadilisha pia bunduki inavyotambulika kisheria. Sheria ya silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inataka bunduki iwe na cheti, na cheti kinaitambua bunduki kwa maelezo yake. Mgeni anayeingia Entebbe na bunduki ya kuwindia hukaguliwa kwa kulinganisha karatasi, maandishi ya mtutuni na risasi zenyewe. Mtutu usiopigwa jina jipya baada ya kazi unakuletea mazungumzo haya: "Bwana, kibali kinasema Winchester, mtutu unasema Winchester, mbona boksi limeandikwa Lott?" Unaweza kuwa na majibu yote ya kifundi duniani, lakini afisa huyo hana sababu ya kuyapokea kwa imani.

Waildikati halisi ni mbaya zaidi. Ganda lake lina chapa ya mzazi kitakoni. Limeandikwa .375 H&H, umbo lake si la .375 H&H. Mkaguzi anasoma kitako. Na hatari haiishii kwa mkaguzi: kambini, gizani, risasi hiyo ikichanganyika na za mwenzako, kitako kitakudanganya na wewe. Uliza polisi kabla ya kazi kuanza, bunduki ipigwe jina jipya, na cheti kirekebishwe. Zaidi ya hapo, mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo tano za risasi kwa abiria. Ulichobeba ndicho utakachokuwa nacho, na hakuna duka Kampala au Mbarara litakalokuokoa ikiwa risasi yako inatengenezwa na mtu mmoja tu, nawe ndiye mtu huyo.

Kichwa

Uwindaji wa kitalii Uganda ulifungwa mwaka 1979, ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001 kandokando ya Ziwa Mburo, na sasa unafanyika chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kwa vibali na mgao. Bila kibali ni ujangili, na Sheria ya Wanyamapori ya 2019 imeweka adhabu inayofika kifungo cha maisha kwa wanyama walio hatarini. Wanaowindwa kwa kibali wanapishana sana kimwili: swala pala wa kilo hamsini na kitu, kobu dume wa kilo tisini na zaidi, yule wa kwenye nembo ya taifa, nzohe, yule swala wa kwenye mafunjo ya vinamasi, kuro, pofu anayeweza kukaribia kilo 900, na nyati. Kichwa kinachomfaa kobu kinaweza kukufedhehesha kwa nyati.

Kichwa kina kazi mbili zinazogombana. Kupenya, ili kiufikie moyo na mapafu. Kutanuka, ili kikifika kifanye jeraha pana. Kila aina ya kichwa ni mapatano kati ya hizo mbili, na mapatano hayo yamewekwa kwa kasi fulani. Kikigonga polepole mno hakifunguki, kinapita kama sindano. Kikigonga kwa kasi mno kinasambaratika juujuu. Vichwa vingi vya shaba nyekundu tupu, kwa mfano, huanza kusuasua kasi ya kugonga ikishuka kuelekea mita 550 kwa sekunde.

Hapo ndipo chemba mpya inaweza kukuharibia badala ya kukusaidia. Maduka yanauza vichwa vya .458 vya greni 300 na 405 vilivyotengenezewa .45-70, risasi ya mwaka 1873 inayokwenda polepole. Kipenyo ni kilekile, na vinaingia kwenye ganda la Lott bila ubishi. Ukivirusha kwa kasi ya Lott kwenye bega la nyati, ngozi yao nyembamba ya shaba inapasuka, risasi laini, yaani yale madini mazito yaliyo ndani ya ngozi hiyo, inamwagika ndani ya nyama ya bega, na moyo haujaguswa. Mwenye bunduki atailaumu Lott. Lakini Lott ilifanya kazi yake vizuri mno kuliko kichwa kilivyojengwa kustahimili.

John Nosler alikutana na jambo la aina hiyo Kanada mwaka 1946, alipokuwa akimpiga moose, mnyama mkubwa wa kaskazini wa jamii ya kulungu, aliyejipaka matope. Vichwa vyake vya kasi vilivunjika begani. Akaenda kutengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inatanuka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Kiliingia sokoni mwaka 1948 na hadi leo kinauzwa kwa jina la Partition. Nyati wetu nao hugaagaa matopeni, na tope lililokauka juu ya bega si jambo dogo. Baada ya hapo vikaja vile ambavyo risasi laini imeunganishwa kwa moto na ngozi yake isichomoke, kama Swift A-Frame, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 Barnes wakaleta kichwa cha shaba tupu kinachofunguka kwa petali.

Shaba tupu ina faida nyingine ambayo kwangu ina uzito. Risasi ya madini laini huacha chembechembe kwenye nyama na kwenye matumbo yanayoachwa porini, na tai wanaokula hapo hudhurika. Tai wa Uganda wana maadui wa kutosha tayari. Ila ujue kwamba shaba ni nyepesi kuliko risasi laini, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi. Kirefu hudai msokoto wa mifereji ulio mkali zaidi, na kikisukumwa ndani ya ganda hula nafasi ya baruti, ile nafasi uliyomlipa fundi akuongezee. Suluhisho ni rahisi: shuka ngazi moja ya uzito. Aliyezoea greni 300 kwenye .375 achukue 270 za shaba, kwa kuwa hazitapungua uzito njiani kama zile.

Kuhusu vile vigumu visivyotanuka kabisa, tuzungumze kupitia Karamoja. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda huko mwanzoni mwa karne ya 20 na kupachikwa jina la eneo lenyewe, aliua tembo zaidi ya elfu, wengi wao kwa bunduki ndogo ya 7x57 Mauser, ambayo Waingereza wanaiita .275 Rigby. Kichwa chake kilikuwa cha greni 173, gramu 11.2, kigumu, pua ya mviringo, kikienda mita 700 kwa sekunde. Nishati yake haifiki jouli 2,800. Watu humtaja Bell ili kudai kwamba ukubwa wa bunduki si kitu, na hiyo ni nusu ya habari.

Nusu ya pili ni uwiano wa uzito wa kichwa na kipenyo chake. Ukiukokotoa kwa namna wanavyoukokotoa watengenezaji, kichwa cha Bell kinapata .306. Kichwa cha greni 300 cha .375 H&H kinapata .305. Cha greni 500 cha .458 kinapata .341. Yaani kwa kupenya, kijisindano cha Bell kilisimama bega kwa bega na .375, kwa sababu kilikuwa kirefu, kigumu, na hakikuwa na haraka. Kasi kubwa ingekipinda. Halafu Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, akalenga hapo. Tembo leo hawindwi Uganda, na mtu asimwige kwa nyati: nchi nyingi za Afrika hudai .375 kwenda juu kwa wanyama hatari, na kampuni za safari hudai hivyohivyo.

Kwa nyati katika kundi, desturi ya wengi ni kichwa cha kwanza kiwe kinachotanuka na kushikamana, kisha vigumu nyuma yake kwenye magazini. Sababu ya kutoanza na kigumu ni kwamba kinaweza kumpitia nyati wako chote na kumjeruhi jike aliyesimama nyuma, ambaye hana kibali na hatasubiri mjadala. Sababu ya kuviweka vya pili ni kwamba nyati aliyepigwa hugeuza makalio, na hapo unahitaji kitu cha kupita urefu wa mwili mzima. Vigumu vya siku hizi, vya shaba ya manjano na pua bapa, huenda moja kwa moja kuliko vile vya pua mviringo. Ila pua bapa inaweza kukwama ikipanda kutoka magazini, hasa kwenye waildikati yenye bega kali. Ile .375 H&H ina mteremko mrefu na bega la nyuzi 15, inateleza kama imepakwa samli. Ukiinyoosha mbavu kwa ajili ya baruti kidogo, unaiuza sifa hiyo.

Nzohe anataka hesabu tofauti kabisa. Unampiga kutoka jukwaani juu ya mafunjo, mara nyingi jioni, na ukimjeruhi anaingia majini na hapatikani tena. Kupenya hakuna taabu, maana mwili si mkubwa. Kinachotakiwa ni kichwa kinachofunguka mapema na bunduki unayoweza kuipiga bila kufumba macho. Kichwa cha kawaida cha .30-06 au 7x57, cha kiwandani, kwa kasi ya kawaida, ndicho ningemshauri mtu yeyote. Vivyo hivyo kwa kobu, swala pala na ngiri.

Hivyo ukiwa na .458 Winchester ya mwili mrefu na unawinda nyati kila mwaka, igeuze Lott, ilipie vizuri, na karatasi zifuate. Ukiwa na .30-06 iache ilivyo, na pesa za fundi zinunue maboksi ya vichwa vya aina tatu za kujaribia. Kisha nenda shabaha ukiwa na vile vinavyotanuka na vigumu vyote viwili, mita 50, bunduki ikiwa imepoa kati ya risasi na risasi. Mara nyingi havigongi mahali pamoja, hata vikiwa na uzito uleule. Tofauti ikiwa ya upana wa vidole viwili, fahamu iko upande gani na uendelee. Ikizidi hapo, badilisha kigumu, maana hicho ndicho utakachokihitaji bila nafasi ya kukumbuka marekebisho.